Acheni Kutuelimisha, Njooni Mtutazame

Mfumo mpya wa kidijitali ukizinduliwa nchini na watu wakashindwa kuutumia, jibu la wakubwa linajulikana kabla hawajafungua mdomo: wananchi hawana uelewa wa kutosha, tutaendelea kutoa elimu. Hapo bajeti ya elimu inapatikana haraka, wakati ile ya kumtafuta mtumiaji haikuonekana tangu mradi uanze. Mabango yanachapishwa, gari la matangazo linazunguka mitaani, afisa uhusiano anakwenda redioni asubuhi kueleza kitufe kipi kibonyezwe baada ya kipi. Nasema wazi kwamba elimu ya namna hiyo ni matusi kwa walipa kodi. Ni njia ya aliyeharibu kazi kumtwisha lawama yule aliyeletewa kazi iliyoharibika.

Mama anayekaanga mihogo pale Mbagala ana laini mbili kwenye kitochi chenye kioo kilichopasuka. Anapokea malipo ya wateja kwa simu, anamtumia mwanawe nauli Songea, ananunua umeme wa LUKU, analipa mchango wa kikoba, na yote hayo mafuta yakichemka mbele yake. Hakuna aliyempeleka semina. Mtu huyohuyo akishindwa kujaza fomu ya mtandaoni ya kuombea cheti cha mtoto, anaambiwa hana uelewa. Haiingii akilini. Kichwa anachotumia saa nne asubuhi kutuma pesa ndicho anachokuja nacho saa nane mchana kujaza fomu. Ubovu utafutwe kwenye fomu.

Na fomu ile ilibuniwa na watu ambao hawajawahi kumwona akishika simu. Ndiyo maana nadai jambo moja, na nalidai kwa sauti: huduma ya kidijitali inayolipiwa kwa fedha za umma isizinduliwe mpaka walioibuni wawe wamekaa na watu watakaoitumia, wakawatazama wakiitumia kwa mikono yao, wakarekebisha walichokiona, kisha wakarudi kutazama tena. Kazi hiyo inaitwa utafiti wa watumiaji. Ina mbinu zilizokomaa, ina wataalamu wake, hata hapa kwetu wapo vijana wanaoiweza vizuri sana. Lakini bajeti ikibana, ndiyo inayofyekwa ya kwanza.

Wataniambia ilifanyika. Naijua hiyo inayofanyika. Inaitwa warsha ya wadau. Ukumbi wa hoteli Dodoma au Morogoro, kiyoyozi, chai ya saa nne na sambusa, na mbele yupo mtaalamu anapitisha slaidi za mfumo ambao umekwisha kutengenezwa. Wadau wenyewe ni wakurugenzi, maafisa wa halmashauri, wawakilishi wa asasi, na waandishi wa habari wawili watatu. Wengi wao hawatauingia mfumo huo hata siku moja, maana wana makatibu muhtasi. Watauliza kuhusu kifungu cha kanuni, watapendekeza nembo isogezwe kulia, watasaini orodha ya mahudhurio kwa ajili ya posho, na ripoti itaandikwa kwamba wadau walishirikishwa ipasavyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ukumbi mzima ulijaa watu ambao kitanda hicho hawatakilalia. Aliyetengewa kukilalia alikuwa nje anatafuta riziki.

Baada ya warsha yanakuja majaribio ya kuupokea mfumo kutoka kwa mkandarasi. Vijana wa TEHAMA wanakaa na orodha. Ukurasa unafunguka, wanaweka vema. Kitufe kinaitika, vema. Kontroo namba inatoka, vema. Wanatumia kompyuta ya ofisini, intaneti ya ofisini na taarifa za kubuni ambazo siku zote zimenyooka: mwombaji anaitwa Juma Juma, amezaliwa tarehe 1 Januari, barua pepe anayo, nyaraka zake zote ziko tayari kwenye faili dogo lililo safi. Mfumo unafaulu kwa sababu aliyeujaribu ni mtu asiyekuwapo duniani. Kupima kama mashine inafanya kazi ni lazima, sibishani na hilo. Ila kuna swali la pili, kama binadamu wa kawaida anaweza kuiendesha mashine hiyo, na orodha ya vema haina jibu lake.

Anayetaka jibu aende steshenari yoyote iliyo jirani na ofisi ya serikali. Kwa wenzetu wa Kenya, aingie saiba yoyote ya mjini. Nilikaa mchana kutwa katika steshenari moja ya Temeke, kwa ruhusa ya kijana mwenye duka na ya wateja wake, na hapa naeleza ya mteja mmoja tu, mama wa makamo aliyekuja kuomba huduma ya ofisi fulani ya umma.

Fomu ilianza kwa kudai barua pepe. Hana. Kijana hakushtuka. Alimfungulia papo hapo, akatunga nywila, akaiandika kwenye daftari la kaunta lililojaa nywila za watu wengine. Mama mwenyewe hakuondoka na nakala. Ikaja sehemu ya jina la ukoo. Mama ni Msukuma, jina lake lina ng' ya ng'ombe, na mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu, kwa Kiingereza, kwamba ameweka alama isiyoruhusiwa. Kijana akaifuta alama, akasonga mbele. Palepale jina la kwenye ombi likaacha kufanana na la kwenye kitambulisho cha taifa, na yeyote aliyewahi kuhangaika na majina yanayotofautiana anaijua safari inayofuata: wakili, kiapo, ada, muhuri, kurudi dirishani, njoo wiki ijayo. Hebu fikiria. Nchi yenye akina Ng'wandu na Ng'wanakilala, jirani na nchi yenye akina Ng'ang'a na Nyong'o, inanunua mfumo unaoona majina ya raia wake kuwa ni kosa la kuandika.

Tukafika kwenye kuambatisha nyaraka. Picha ya cheti ikakataliwa kwa kuwa nzito. Uzito unaoruhusiwa haukuandikwa popote mpaka ukosee ndipo uambiwe. Kijana akaipunguza. Mfumo ukakatika, ukarudi na ukurasa mtupu, kila kilichojazwa kimefutika. Akaanza upya bila hata kuguna, jambo lililonionyesha kwamba kwake hiyo ni kawaida. Mwisho mama akatakiwa achague muda wa kufika ofisini. Akasema saa mbili asubuhi. Kijana mzoefu akachagua 8:00. Nikamuuliza mama, ungekuwa peke yako ungebonyeza ipi? Kidole chake kilikwenda kwenye 2:00 bila kusita. Maana yake angefika ofisini asubuhi na mapema, akaambiwa miadi yake ni saa nane mchana, akakaa kwenye benchi kutwa nzima kwa kuhesabu saa kama tunavyohesabu sote toka utotoni. Neno moja tu, "asubuhi", lingeandikwa pembeni ya 8:00, yote hayo yangeepukwa.

Alipomaliza kulipa, mama alimshukuru kijana, kisha akanigeukia akasema, "Sisi wengine hatukusoma sana, mwanangu." Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Hakulalamikia mfumo. Aliamini kosa ni lake. Tumewafanya watu wazima wenye akili timamu, waliolea watoto na kuendesha biashara, waondoke kwenye huduma zao wenyewe wakijiona wajinga, halafu tunapanda jukwaani kuwathibitishia kwamba kweli wanahitaji elimu.

Kila kasoro niliyoitaja ingeonekana kwa yeyote ambaye angekaa kwenye kiti kile mchana mmoja kabla mfumo haujazinduliwa. Hakuna iliyohitaji mshauri elekezi kutoka ng'ambo. Kijana wa steshenari anazijua zote, anazitaja kwa mpangilio, na anakuambia ofisi ipi mfumo wake unakatika siku gani za mwezi. Hajawahi kuulizwa na mtu. Nisieleweke vibaya: simlaumu. Bila yeye nusu ya huduma hizi zinazoitwa za kidijitali zingekufa siku ya kwanza. Lakini anacholipwa ni kodi ya pili, inayotozwa maskini kwa sababu mtu ofisini hakufanya kazi yake. Tena tumetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na papo hapo tunawasukuma watu wakabidhi namba ya NIDA, jina la mama mzazi na nywila kwa daftari la kaunta. Usiri wa raia unavunjwa na ubovu wa fomu hata kabla mdukuzi hajaamka.

Wengine watasema, basi tutawauliza wananchi maoni yao. Hapana. Hilo nalo ni kosa, na kwetu ni kosa kubwa zaidi. Mtu wetu ukimwendea nyumbani na kishikwambi mkononi, umevaa kitambulisho shingoni, ukamwonyesha ulichotengeneza na kumuuliza kama ni kizuri, unamtaka akuvunjie heshima. Amelelewa kumkirimu mgeni. Atakwambia ni kizuri sana, hongereni, Mungu awabariki, na utaondoka na asilimia zinazopendeza za kupeleka kwa mfadhili. Nicola Dell na wenzake walilipima jambo hili Bangalore, India, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2012. Watu 450 walioneshwa vitu viwili wachague kilicho bora. Mhojaji alipodokeza kwamba kimoja amekitengeneza yeye, uwezekano wa watu kukipendelea uliongezeka takribani mara 2.5, hata pale vitu vyote viwili vilipokuwa kitu kilekile. Mhojaji alipokuwa mgeni wa kutoka nje anayehitaji mkalimani, upendeleo ulifika mara 5. Nani anaamini kwamba Mtwara au Kilifi hali ni tofauti? Hojaji zetu zote za kuridhika kwa wateja zisomwe upya kwa macho hayo.

Dawa ni kuacha kuuliza na kuanza kutazama. Mpe mtu kazi ya kweli: omba cheti cha mwanao, lipa ada ya leseni, tafuta kama ombi lako limejibiwa. Atumie simu yake, bando lake, kwenye mwanga wa jua anaoutumia kila siku. Mwambie kinachopimwa ni fomu, yeye hapimwi. Kisha funga mdomo. Hili la kufunga mdomo ndilo linalowashinda wataalamu wetu. Mtu akikwama kidogo tu, mbunifu anarukia: bonyeza hapo juu, hapo, hapo kwenye vile vistari vitatu! Akishasema hivyo ameua jaribio. Mwache akwame. Tazama kidole kinasita wapi, macho yanatafuta nini, anasoma neno gani mara mbili, anarudi nyuma saa ngapi, anamwita nani amsaidie. Akikuuliza, mrudishie swali: wewe unadhani kitafanya nini? Na akishindwa kabisa, mshukuru, maana amekupa kitu ambacho warsha za mwaka mzima hazitakupa.

Tusidanganyane kwamba haya ni anasa za nchi tajiri. Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Afrika Mashariki, na karibu kila msomaji wa makala hii anautembeza mfukoni. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, walianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu huko Nairobi na Thika. Waliingiza wateja wasiozidi 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, na mawakala 8. Shabaha ilikuwa nyembamba: mkopaji apokee mkopo wake na alipe marejesho kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo, walieleza baadaye kilichotokea. Wateja walikuwa wakifanya mambo ambayo hayakuwamo kwenye mpango. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wenye maduka makubwa kidogo waliweka mauzo ya siku kwa wakala yalale salama, kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko mawakala. Msafiri alikuwa akiweka pesa mji mmoja, anapanda gari mikono mitupu, na kuzitoa afikapo mji wa pili. Wapo waliolipa marejesho ya wenzao ili wao walipwe kwa huduma. Wapo waliowanunulia ndugu zao wa kijijini salio la maongezi ili liwafikie kama msaada.

Wangekuwa wakubwa wetu, tunajua wangefanya nini. Wangetangaza kwamba wateja wanatumia mfumo kinyume cha malengo, na timu ya kutoa elimu ingeingia Thika. Wale walitazama, wakaelewa, wakabadili bidhaa. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, marejesho ya mikopo hayakuwa tena kiini chake. Umma uliitwa kutuma pesa nyumbani. Nchi nzima iliitika, na mwaka uliofuata huduma ikavuka mpaka kuja Tanzania. Hakuna warsha ya wadau ambayo ingelitoa wazo lile. Lilitoka kwa mkopaji wa Thika aliyetazamwa bila kukosolewa.

Wala kazi haikuisha siku ya uzinduzi. Watu walikuwa wakikosea tarakimu moja, pesa zinakwenda kwa mtu baki, na kuzirudisha ni vita. Elimu ya "hakiki namba kabla ya kutuma" ilitolewa mpaka ikachosha. Kilichosaidia ni kubadili chombo chenyewe: Safaricom ikaweka Hakikisha, mtumaji analiona jina la mpokeaji na bado ana nafasi ya kusitisha. Kosa la mtumiaji lilikuwa taarifa kwa mbunifu, na mbunifu safari hii alisikia.

Fedha nyingi haziokoi mradi usiojaribiwa. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilizindua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya, mradi mkuu wa Rais Obama. Siku ya kwanza watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho. Wakandarasi walipoitwa mbele ya Bunge mwezi uleule walikiri kwamba jaribio la mfumo wote, mwanzo hadi mwisho, lilifanyika katika wiki 2 za mwisho kabla ya uzinduzi. Tarehe ilikuwa imepangwa, ikabidi mfumo uifuate tarehe. Waliumbuka, wakajifunza: Agosti 2014 ikaundwa timu maalumu ya huduma za kidijitali chini ya Ikulu yao, na jambo la kwanza katika mwongozo wake lilikuwa kuelewa watu wanahitaji nini.

Waingereza walikwenda mbali zaidi, na hapa naomba mawaziri wetu wasome polepole. Kiwango cha huduma za kidijitali kilichoanza kutumika huko Aprili 2014 kilikuwa na vipengele 26. Kipengele cha mwisho kilitaka huduma ijaribiwe mwanzo hadi mwisho na waziri mwenyewe anayehusika nayo. Waziri akae, afungue, ajaze, atume. Nadai jambo hilohilo hapa. Kabla mgeni rasmi hajakata utepe, apewe kitochi au simu janja ya bei ya chini, bando la jero, bila msaidizi pembeni, aombe huduma anayotaka kuizindua. Akikwama, utepe ubaki ulivyo.

Hatuna muda, watasema. Muda wa kurekebisha baadaye, wa kujibu barua za malalamiko, wa kuongeza siku za mwisho za usajili kila mwaka kwa sababu mfumo umeelemewa, huo mnao. Hatuna fedha, watasema. Jakob Nielsen, aliyetumia maisha yake kwenye fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba kwa kundi moja la watumiaji, watu 5 wanatosha kufichua takribani asilimia 85 ya kasoro za matumizi. Watano! Rekebisha, lete watano wengine. Ukiwa na makundi tofauti, tuseme wakulima na wanafunzi, kila kundi lipate watano wake. Nauli, chakula na fidia ya siku ya kazi kwa watu hao haifiki gharama ya hema, viti na muziki wa siku ya uzinduzi.

Ila chagueni watu sahihi. Msiwaokote watumishi wa jengo la pili na kuwaita wananchi. Kuna babu asiyejua kusoma ambaye anatuma pesa kila mwisho wa mwezi kwa kukariri tarakimu: moja, moja, kisha namba ya mtu. Hasomi orodha, anaihesabu. Siku orodha ikipangwa upya bila taarifa, kidole chake kinampeleka kusikojulikana. Indrani Medhi na wenzake waliwafuata watu wa aina hiyo India, Kenya, Ufilipino na Afrika Kusini, na utafiti wao uliochapishwa 2009 ulionyesha jinsi orodha za maandishi zinavyowafungia nje wasiosoma, na jinsi sauti na picha zinavyowafungulia. Matokeo hayo yapo miaka yote hii, na bado tunatengeneza orodha za maandishi ndani ya orodha za maandishi. Kuna asiyeona, ambaye simu yake humsomea kila kilichopo kwenye kioo. Akifika kwenye kitufe ambacho mbunifu alikichora bila kukipa jina, simu inatamka "kitufe" na kunyamaza. Kitufe cha nini? Cha kulipa? Cha kufuta? Huyo naye ni raia na kodi analipa.

Na muwaheshimu mnaowatazama. Kuna mitaa, Kibera ya Nairobi ukiwa mfano wa wazi, ambako wakazi wamehojiwa na watafiti wa kila pembe ya dunia mpaka wamechoka, na mara nyingi anayechukua majibu harudi. Anayempotezea mama wa mihogo mchana wa biashara amlipe mchana huo. Amweleze kwa Kiswahili kinachoeleweka anachorekodi na kitakwenda wapi, na akikataa kurekodiwa akubaliwe. Toleo lililorekebishwa likiwa tayari, arudi amwonyeshe kilichobadilika kwa sababu yake.

Hatuna sababu ya kusubiri hisani ya mtu katika hili. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na sheria ya mwaka 2019, ina uwezo wa kuweka viwango kwa taasisi za umma. Iweke hiki, na taasisi itakayokikwepa izuiwe kuzindua. Hadidu za rejea za kila zabuni ya mfumo zitaje majaribio na watumiaji halisi kama kazi yenye malipo yake na tarehe zake, na sehemu ya malipo ya mkandarasi ishikiliwe hadi kasoro zilizoonekana zirekebishwe na kujaribiwa tena. Mkaguzi Mkuu anapokagua mifumo ya TEHAMA aulize na hili: mtumiaji yupi aliujaribu, lini, na nini kilibadilishwa baada yake? Wabunge waache kuuliza mfumo umegharimu kiasi gani na kuishia hapo. Waulize ni wangapi wanaoanza fomu na wangapi wanaoifikisha mwisho, maana takwimu hizo mashine inazo, kinachokosekana ni wa kuzidai.

Na ninyi wakurugenzi mnaosaini hati ya kuupokea mfumo, neno langu la mwisho ni kwenu. Kabla kalamu haijagusa karatasi, mtakeni mkandarasi awaonyeshe video ya mtu asiye mwajiriwa wenu wala wake, akiikamilisha huduma hiyo mwanzo hadi mwisho kwa simu yake mwenyewe, bila kusaidiwa na yeyote. Video hiyo isipokuwapo, msisaini, na fedha zetu msimpe.